Kuzuru Milima-Visiwa ya Masasi na Shimo la Mungu la Newala: Ushauri kwa Msafiri

Huko Aisilandi, nchi ya kisiwa iliyo mbali kaskazini mwa dunia, wageni hupanda boti katika ziwa la Jökulsárlón ili kutazama mapande ya barafu yanayoelea, ambayo yamemeguka kutoka kwenye barafuto, yaani tandiko kubwa la barafu linaloteremka polepole kutoka milimani. Na takriban sehemu tisa kati ya kumi za kila pande huwa zimezama chini ya maji. Msafiri wa Afrika Mashariki anayetamani ajabu ya namna hiyo, ambamo kinachoonekana ni kilele tu cha kitu kikubwa kilichofichika, hana haja ya kuvuka bahari. Mkoani Mtwara, katika nchi tambarare ya Masasi, imesimama milima ya mwamba mtupu ambayo mashina yake yamezikwa ardhini, na mwendo wa takriban kilomita 70 kutoka hapo humfikisha mtu Newala, juu ya Uwanda wa Makonde, kwenye genge liitwalo Shimo la Mungu, ambalo humpa mtazamaji nafasi ya kuiona nchi ya chini kwa upana wake wote.

Makala haya yanamshauri msafiri namna ya kuzuru mahali hapo pawili, yakishikilia rai moja: kwamba Masasi na Newala ni ziara moja inayopaswa kuanzia chini na kuishia juu, na kwamba mgeni anayefahamu jinsi nchi hiyo ilivyoumbwa na jinsi wenyeji wanavyoishi nayo huona mengi zaidi, tena kwa usalama zaidi, kuliko yule anayepita mbio akipiga picha.

Jinsi nchi ilivyoumbwa

Masasi haiko juu ya Uwanda wa Makonde, kama wageni wengi wanavyodhani, bali iko katika nchi ya chini iliyo magharibi ya uwanda huo, na miamba ya sehemu hizo mbili ni tofauti kabisa. Milima ya Masasi, ikiwemo Mtandi na Mkomaindo inayouzunguka mji, ni ya naisi na miamba mingine ya jamii ya graniti, yaani miamba migumu iliyopikwa na kugandamizwa chini sana ardhini zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Mwanajiolojia wa Kijerumani, Wilhelm Bornhardt, aliyesafiri kusini mwa Tanzania ya leo katika miaka ya 1890 na kuchapisha matokeo ya utafiti wake mwaka 1900, ndiye aliyeipa milima ya namna hii jina la kitaalamu la milima-visiwa, kwa sababu kila mmoja husimama peke yake juu ya nchi tambarare. Na wataalamu duniani kote wanaendelea kukiita kilima cha mwamba chenye umbo la kuba kwa jina lake Bornhardt.

Milima hiyo haikuumbwa kama milima ya volkeno. Maji ya mvua, yakisaidiwa na joto, yalipenya ardhini kwa mamilioni ya miaka na kuuozesha mwamba uliokuwa na nyufa nyingi, huku ule uliokuwa na nyufa chache ukibaki mzima. Kisha mito na mvua zikauondoa udongo uliooza, na vichwa vya mwamba mzima vikafunuliwa vikiwa vimesimama. Mwamba uliofunuliwa hivyo, ukiondolewa uzito uliokuwa ukiukandamiza, hutanuka na kubanduka tabaka kwa tabaka, ndiyo maana mgeni huona juu ya milima ya Masasi mabamba mapana ya jiwe yaliyoachana na mwamba mama, mengine yakitoa mlio wa uwazi yakigongwa kwa mguu.

Uwanda wa Makonde, kwa upande wake, ni rundo la tabaka za mchanga na mawe ya mchanga yaliyolazwa na maji katika zama ambazo dinosaria walikuwa bado wanaishi, kisha yakainuliwa pamoja na nchi. Uwanda huo uko juu zaidi upande wa magharibi, ambako Newala iko zaidi ya mita 700 kutoka usawa wa bahari, na hushuka polepole kuelekea pwani ya mashariki. Kwa kuwa mchanga hunyonya maji ya mvua na kuyapeleka chini kabisa, juu ya uwanda hakuna mito ya kudumu, na chemchemi hutokea chini ya magenge. Ndiyo sababu vizazi vingi vya wanawake wa Newala waliteremka na kupanda genge wakiwa na mitungi kichwani, na ndiyo sababu mradi wa maji wa Makonde, ambao tangu miaka ya 1950 umekuwa ukisukuma maji kutoka bondeni hadi juu, ni jambo kubwa katika maisha ya watu wa huko. Maelezo haya ya jiolojia yana faida ya moja kwa moja kwa msafiri: Masasi hatari iko kwenye jiwe linaloteleza na bamba linaloyumba, ilhali Newala hatari iko kwenye ukingo wa mchanga unaoweza kumeguka, na katika sehemu zote mbili maji hayapaswi kuchezewa.

Wakati unaofaa

Kusini-mashariki mwa Tanzania kuna msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, unaoanza kwa kawaida Novemba au Desemba na kumalizika Aprili au Mei, na kiangazi hushika miezi iliyobaki. Miezi inayofaa zaidi kwa ziara hii ni Mei hadi Julai, kwa kuwa mvua zimekwisha, majani bado ni mabichi, hewa ni safi na jua si kali. Hata hivyo, usiku wa Newala katika miezi hiyo una baridi na upepo ambao mtu wa pwani huwa hautarajii, kwa hiyo sweta na shuka zito havina budi kuwemo mzigoni. Kuanzia Agosti hadi Oktoba joto huongezeka, na uchomaji wa mashamba na nyasi hujaza hewa moshi unaoweza kuificha nchi ya mbali, hata mgeni akasimama Shimo la Mungu asione zaidi ya ukungu wa kijivu.

Kati ya Oktoba na Desemba ni msimu wa korosho, zao linaloendesha uchumi wa Masasi, Newala na Tandahimba. Mkulima hupeleka korosho katika chama chake cha msingi, zikahifadhiwa ghalani na kuuzwa kwa mnada kupitia vyama vikuu vya ushirika kama MAMCU na TANECU, katika utaratibu uitwao stakabadhi ghalani ulioanza mwaka 2007. Mgeni anayependa kuona maisha ya watu atafurahia msimu huo, lakini ajue kuwa wanunuzi, wachukuzi na madereva wa malori hujaza nyumba za wageni, hivyo ni vyema aweke nafasi mapema. Katika masika, yaani mvua zinapokolea, kupanda milima ya Masasi hakushauriwi hata kidogo.

Njia na mpango wa siku

Anayetoka Dar es Salaam kwa basi hupita Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, kisha Lindi na Mnazi Mmoja, halafu hukata kuelekea magharibi kupitia Ndanda hadi Masasi. Safari hiyo huchukua siku nzima, na barabara yote ni ya lami. Anayekwenda kwa ndege hushukia Mtwara na kuendelea kwa barabara. Mpango mzuri ni kuzunguka duara: kuingia kwa njia ya Ndanda na Masasi, kupanda Newala, kisha kurudi Mtwara kupitia Tandahimba na Nanyamba, ili uwanda wote uonekane kutoka magharibi hadi mashariki. Kwa kuwa ujenzi wa lami katika barabara ya uwandani umekuwa ukifanywa kwa vipande, msafiri aulize madereva wa siku hiyo hali ya njia, kwani sehemu isiyo na lami huwa vumbi jingi wakati wa kiangazi na tope zito wakati wa mvua.

Ziara isipungue siku tatu kamili. Siku ya kwanza itumike Masasi kupumzika, kuonana na viongozi na kumtafuta kiongozi wa njia; siku ya pili asubuhi ipandwe milima, na alasiri iwe ya safari ya kupanda uwanda; siku ya tatu iachiwe Newala, kwa sababu ukungu wa asubuhi unaweza kuifunika nchi ya chini kwa saa kadhaa, na mgeni aliyetenga saa moja tu anaweza kurudi bila kuona alichofuata. Kuanzia chini ni muhimu, kwa maana mtu aliyegusa mwamba wa Mtandi kwa mkono wake huielewa vizuri zaidi nchi anapoitazama kutoka juu.

Kupanda milima ya Masasi

Kabla ya kupanda mlima wowote, mgeni aende kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, au kwa mtendaji, aeleze nia yake na kuomba apewe mwenyeji wa kumwongoza. Hatua hii ni ya adabu na pia ya usalama, kwa kuwa njia za kupanda hazina alama, baadhi ya maeneo ni ya taasisi za dini au ya watu binafsi, na yapo mawe na miti ambayo wazee huiheshimu kama mahali pa tambiko, yaani pa kuwaombea na kuwakumbuka waliotangulia. Malipo ya kiongozi yakubaliwe kabla ya safari na yatolewe taslimu, bila kupunguzwa mlimani.

Safari ianze saa kumi na mbili alfajiri ili watu wawe wameshuka kabla ya saa tano, wakati mwamba mtupu unapoanza kuchoma na kurudisha joto usoni. Kila mtu abebe maji yasiyopungua lita mbili, avae raba zenye soli inayoshika, suruali ndefu na kofia, na aache mikono yote miwili ikiwa huru. Michirizi myeusi iliyoshuka juu ya jiwe huonyesha mahali maji yanapopita na viumbe vidogo vinapoota. Michirizi hiyo ikilowa huteleza sana, kwa hiyo ikwepwe hata siku inayoonekana kavu. Mabamba yaliyobanduka yasikanyagwe ukingoni, na yasisukumwe kwa mchezo, kwa kuwa chini ya mlima kuna nyumba na mashamba. Kuteremka ni kugumu kuliko kupanda. Asiyejiamini apande hadi pale tu anapoona waziwazi njia ya kurudi. Mawingu meusi yakikusanyika watu washuke mara moja, kwani kilele cha mwamba mtupu ndicho mahali pabaya zaidi pa kukutwa na radi.

Nyufa na mapango ya milima hii ni makazi ya pimbi, nyani, nyoka na nyuki. Nyuki ndio wa kuogopwa zaidi, kwa sababu mtu anayekimbia juu ya mwamba mkali anaweza kuanguka. Hivyo manukato makali, moshi na kelele karibu na nyufa viepukwe, na akishambuliwa, mtu afunike kichwa na uso kwa nguo na kuondoka upesi kwa njia aliyojia, bila kuwapiga nyuki. Aliyeumwa na nyoka atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, jeraha lisichanjwe wala kufungwa kamba kali, na apelekwe hospitali bila kupoteza muda kwa dawa za kubahatisha. Masasi ina Hospitali ya Mkomaindo, na kwenye barabara kuu ya Lindi ipo hospitali ya misheni ya Ndanda.

Kusimama Shimo la Mungu

Shimo la Mungu liko ukingoni mwa mji wa Newala, na mtu hulifikia kwa miguu au kwa bodaboda. Hapo uwanda hukatika ghafla, na nchi ya chini hufunguka kuelekea bonde la mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto huo ni Msumbiji. Siku hewa inapokuwa safi, jicho huweza kutembea mbali sana juu ya misitu, mashamba na vilima vilivyotawanyika, na hapo ndipo somo la Masasi hukamilika, kwa kuwa mtazamaji huiona nchi nzima ambayo maji yameichonga na kuiacha chini ya uwanda anaosimama juu yake.

Mgeni apange kufika mara mbili: asubuhi, kuona ukungu ukiinuka kutoka bondeni, na saa kumi na moja jioni, jua linapolegea. Jambo la kuzingatia kuliko yote ni kwamba ukingo ni wa udongo na mchanga, na sehemu yake ya juu huweza kuning'inia bila chochote chini yake, hali ambayo aliyesimama juu hawezi kuiona. Mtazamaji abaki hatua kadhaa nyuma ya ukingo, watoto washikwe mikono wakati wote, na mtu asirudi kinyumenyume ili aenee kwenye picha. Baada ya mvua umbali huo uongezwe, kwa kuwa mchanga uliolowa ni mzito na humeguka kirahisi. Miti na majani yaliyoota ukingoni ndiyo yanayoushikilia udongo usiporomoke, kwa hiyo kukata fimbo au kuwasha moto mahali hapo ni kuuharibu mji wenyewe.

Historia inayosomeka njiani

Mandhari haya yana watu, na msafiri makini atafute habari zao. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, anayejulikana pia kwa kazi zake za sarufi ya Kiswahili, aliwaleta Masasi watumwa walioachwa huru kutoka Unguja, wakaanzisha kijiji chini ya milima hiyo. Kijiji hicho kilishambuliwa na Wangoni mwaka 1882, na misheni ikavamiwa tena mwaka 1905 katika Vita vya Maji Maji. Hata hivyo, ilidumu, na kanisa kuu la Dayosisi ya Masasi lililoko Mtandi linaendeleza historia hiyo. Mwaka 1906 mwanaethnolojia Karl Weule alitoka Lindi hadi Masasi na Newala akiandika habari za Wayao, Wamakua na Wamakonde. Newala ina boma la tangu enzi ya Wajerumani, na mwishoni mwa mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wareno waliuteka mji huo kwa muda mfupi kabla ya kufukuzwa na Wajerumani. Katika wilaya ya Masasi kipo pia kijiji cha Lupaso, alikozaliwa Rais wa awamu ya tatu, Benjamin William Mkapa, mwaka 1938, na alikozikwa mwaka 2020. Anayetaka kuzuru kaburi lake aombe ruhusa kwa viongozi wa kijiji na kwa familia.

Adabu na tahadhari miongoni mwa wenyeji

Wayao, Wamakua na Wamakonde huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mafunzo ya jando kwa wavulana na unyago kwa wasichana yangali na heshima kubwa. Sherehe nyingi huangukia kiangazi baada ya mavuno, na mgeni anaweza kukutana na ngoma barabarani au na mchezaji aliyevaa lipiko, yaani kinyago cha kuchezea ngoma. Ngoma ya hadharani inaweza kutazamwa, lakini picha ziombwe. Kambi ya wari, yaani ya vijana wanaofundwa, haiendewi wala haipigwi picha kwa namna yoyote. Mavazi ya heshima, shikamoo kwa wakubwa na subira ya kujibu maswali ya anatoka wapi na anatafuta nini humfungulia mgeni milango mingi.

Ruvuma ni mpaka wa nchi, na usalama upande wa Msumbiji, katika mkoa wa Cabo Delgado, umekuwa wa mashaka tangu mwaka 2017. Kwa hiyo msafiri asiteremke hadi mtoni bila idhini ya viongozi wa eneo, asivuke mto kwa mtumbwi, asirushe droni bila kibali, na abebe kitambulisho au pasipoti wakati wote. Mto wenyewe una mamba na viboko, na hiyo peke yake ni sababu ya kutosha kutoogelea.

Chakula ni rahisi na kizuri: ugali wa muhogo, kunde, mbaazi, samaki, na katika majira yake ming'oko, ambayo ni mizizi ya porini inayochemshwa na kuuzwa barabarani. Korosho zinunuliwe zilizokwisha kubanguliwa; korosho mbichi isipasuliwe kwa meno wala kucha, kwa sababu mafuta ya ganda lake huunguza ngozi, na utomvu wa bibo, yaani tunda lake, huacha doa lisilotoka nguoni. Maji ya kunywa yachemshwe au yawe ya chupa, na chandarua kitumike kila usiku. Juu ya uwanda, maji ya kuoga nayo yatumike kwa kiasi, kwa kuwa kila ndoo imesafiri kutoka bondeni.

Kwa kuwa milima ya Masasi na genge la Newala havina uzio wala walinzi, ulinzi wake uko mikononi mwa wanaovizuru na wanaoishi navyo. Msafiri anaombwa asichonge jina lake juu ya jiwe, arudi na taka zake zote, amlipe ipasavyo kijana aliyemwongoza, anunue korosho na kinyago kutoka mkono wa aliyevitengeneza, na akirudi nyumbani awahimize wengine waende. Shule za mikoa ya Mtwara, Lindi na Ruvuma, hasa, zinapaswa kuwapeleka wanafunzi wao huko, kwa maana mtoto aliyefundishwa jiolojia na historia ya nchi yake juu ya mwamba wa nchi yake atakuwa na sababu ya kuilinda.